Mlango wa Juu: Rekodi za Mvuke Kwenye Ziwa Tanganyika

Ziwa Tanganyika limezoea kusifiwa. Hakuna ziwa la maji matamu lililo refu kama hili duniani: kilomita 670 hivi, kutoka mdomo wa mto Ruzizi karibu na kwetu Uvira, kaskazini, hadi Mpulungu kule Zambia. Kwa kina linazidiwa na Baikal la Urusi peke yake, maana mahali penye kina kirefu zaidi ni mita 1,470. Kwa wingi wa maji matamu pia Baikal ndilo linalotangulia. Sifa hizi mwanafunzi wa Uvira huzikariri, huzijibu kwenye mtihani, kisha huzisahau.

Zilizo hapa chini hazimo katika daftari lake. Ni rekodi za maji yanayoondoka bila kuonekana: yanayopaa kutoka ziwani, kutoka kwenye samaki wadogo wa ndagala waliotandazwa mchangani, kutoka kwenye chungu cha maharagwe. Nyingine ni za dunia nzima, nyingine ni za Kivu ya Kusini tu, na moja au mbili nimezitunuku mwenyewe bila kumwuliza mtu.

Mto mkubwa kuliko yote, usio na kingo

Mwishoni mwa Aprili 1858 Richard Burton na John Hanning Speke walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Walikuwa wakitafuta chanzo cha Nile, na Burton alitamani sana Ruzizi uwe mto unaotoka ziwani kwenda kaskazini. Wana wa Maruta, mtawala wa Uvira wakati huo, wakamwambia waziwazi kwamba mto huo unaingia. Jibu hilo lilimvunja moyo, na huko Ulaya wasomi wakaendelea kubishana miaka kumi na mitatu kana kwamba wenyeji hawakusema kitu. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikwenda wenyewe hadi mdomo wa Ruzizi. Wakayakuta maji yakiingia, vilevile kama watu wa Uvira walivyosema.

Hapo fumbo likawa kubwa zaidi. Ruzizi unaingia, Malagarasi unaingia, vijito vinashuka kutoka milima ya Mitumba, na mvua inanyesha juu ya ziwa lenyewe. Basi maji yote hayo yanatoka kwa njia gani? Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron aliona upenyo wa Lukuga, karibu na ilipo Kalemie leo. Stanley alipopita hapo mwaka 1876 aliukuta umeziba kwa tope na mafunjo, maji hayaendi kokote. Ziwa lilikuwa likipanda. Kule Ujiji, miti aliyoiacha sokoni mwaka 1871 aliikuta imesimama majini. Karibu na mwaka 1878 kizuizi cha Lukuga kikabomoka, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka takriban mita kumi.

Kabla ya kubomoka huko, ziwa refu kuliko yote duniani lilikaa miaka mingi bila mto wa kulitoa maji, na bado halikuimeza nchi. Mlango wake ulikuwa juu. Wasafiri wale walizunguka ziwa zima wakitafuta njia ya kutokea, na muda wote huo maji yalikuwa yakipita mbele ya nyuso zao.

Hata leo, Lukuga ukiwa wazi, mlango wa juu ndio mkubwa. Kila mwaka jua na upepo hulivua ziwa tabaka la maji lenye kimo cha takriban mita moja na nusu. Kwa eneo la kilomita za mraba 32,900, hizo ni kilomita za ujazo 50 hivi. Miaka kumi au kumi na moja tu ya mvuke wa Tanganyika ingetosha kukusanya maji ya Ziwa Kivu lote. Ukipenda hesabu ya sekunde, zinapaa zaidi ya mita za ujazo 1,500 kila sekunde, na Ruzizi unapotoka Ziwa Kivu hubeba kama 100. Ni kama Ruzizi kumi na tano zinazopanda badala ya kushuka, hazina daraja, hazina mamba, na hakuna aliyewahi kuzichora kwenye ramani. Katika kila lita kumi zinazotoka ziwani, zaidi ya nane hupita njia hiyo. Lukuga huambulia zilizobaki.

Nauli ghali kuliko zote

Molekuli za maji, hata yakiwa yametulia ndani ya beseni, hazitulii. Zinakimbia, zinagongana, nyingine kwa kasi, nyingine polepole. Iliyo juu kabisa, ikipata kasi ya kutosha, hujinasua kutoka kwa wenzake na kupotea hewani. Zinazobaki ni zile za mwendo wa pole, na kwa kuwa mwendo huo ndio tunaouita joto, maji yaliyobaki hupoa. Ndiyo sababu mtu akitoka ziwani kuoga hutetemeka hata jua likiwa la saa sita. Ndiyo sababu pia mtungi wa udongo usiopakwa rangi hupoza maji kuliko ndoo ya plastiki: udongo hutoa jasho, na jasho linapokauka huondoka na joto.

Kila lita inayopaa, basi, hulipa nauli ya joto, na kati ya vimiminika tunavyovijua majumbani hakuna kinachotozwa kama maji. Kwa joto la ziwa letu, nyuzi 26 hivi, kilo moja ya maji hulipa karibu kilojuli 2,440. Spiriti iliyomo ndani ya kanyanga, ikiwa safi, haifiki nusu ya hiyo. Esansi ya gari hulipa kama sehemu moja ya saba. Tofauti inatokana na jinsi molekuli za maji zinavyoshikana. Kuiachanisha moja na jirani zake ni kazi.

Aliyewahi kukausha sufuria hadi chini anaijua nauli hii kwa gharama ya makaa. Kufikisha lita moja ya maji ya kawaida kwenye mchemko kunahitaji kilojuli 300 hivi. Kuimaliza yote iwe mvuke kunahitaji karibu mara nane ya hizo.

Sasa zidisha kwa ziwa zima. Mradi wa Grand Inga, ambao Wakongo tumeusikia tangu tukiwa wadogo, umekusudiwa kufikia megawati 40,000, uwe mkubwa kuliko mitambo yote ya maji duniani. Joto linaloondoka na mvuke wa Ziwa Tanganyika, ukigawanya sawasawa usiku na mchana, mwaka mzima, ni karibu megawati milioni 4. Hiyo ni Inga mara mia moja, na hakuna aliyemwaga zege hata gunia moja.

Mahali nauli hurudishwa kwa kelele nyingi zaidi Afrika

Joto lililolipwa halipotei. Mvuke ukifika juu ukapoa, ukageuka tena matone, joto lote hurudishwa hewani. Hewa hiyo ikipata moto hupanda zaidi, wingu huvimba, na ndani yake umeme hujijenga.

Mwaka 2016 kundi la watafiti lililoongozwa na Rachel Albrecht wa Chuo Kikuu cha São Paulo lilichapisha orodha ya mahali panapopigwa na radi kuliko pengine popote, kwa kutumia miaka kumi na sita ya picha za setilaiti, 1998 hadi 2013. Wa kwanza duniani ni Ziwa Maracaibo la Venezuela, kwa mimweko 233 kwa kila kilomita ya mraba kila mwaka. Wa pili duniani, na wa kwanza Afrika, ni Kabare, jirani kabisa na Bukavu: mimweko 205. Mvuke wa Kabare hautoki Tanganyika peke yake. Misitu ya bonde la Kongo nayo hutoa jasho lake, na milima ya ukingo wa Bonde la Ufa huusukuma mvuke huo juu. Lakini kombe limebaki katika mkoa wetu, na wanaokaa Kabare hawana haja ya setilaiti kuwaeleza.

Ziwa litakalokauka la mwisho

Tufanye mchezo wa hesabu. Mvua ikatike Afrika Mashariki yote, mito yote ikauke, jua liendelee kama kawaida. Nani atakwisha kwanza?

Turkana, ziwa kubwa kuliko yote duniani yaliyo jangwani, lina wastani wa kina cha mita 30 hivi, na upepo wake mkavu hulivua zaidi ya mita mbili kwa mwaka. Halimalizi miaka kumi na mitano. Victoria ndilo bingwa wa jumla: eneo lake ni maradufu ya Tanganyika, hivyo hutoa mvuke maradufu, kilomita za ujazo mia moja na zaidi kwa mwaka. Lakini ni karai pana. Kwa wastani wa kina cha mita 40, lingebaki na miaka ishirini na saba hivi. Tanganyika, lenye wastani wa mita 570, lingedumu karibu miaka 380, na katika mashimo yake ya chini kabisa lingebaki na maji hata baada ya hapo.

Mchezo huu umewahi kuchezwa kweli, kwa kiasi. Miaka 20,000 hivi iliyopita, dunia ilipokuwa na baridi na Afrika ikiwa kavu, uso wa Tanganyika ulikuwa zaidi ya mita 200 chini ya ulipo leo. Ziwa Kivu wakati huo halikuwa likitumwagia Ruzizi. Lilianza baada ya volkano za Virunga kuliziba upande wa kaskazini na kulilazimisha litafute njia ya kusini. Palipo Uvira pangekuwa kilimani, na mvuvi angehitaji siha ya mbuzi kushuka mwaloni.

Anayebaki nyuma mwenye ladha

Maji hupaa, chumvi haipandi. Ruzizi huleta sehemu kubwa ya chumvi zote zinazoingia ziwani, kutoka kwenye maji ya Kivu yaliyopita katika miamba ya volkano, na kila lita inayopaa huziacha nyuma. Ndiyo maana lita ya Tanganyika ina zaidi ya nusu gramu ya chumvi mbalimbali, na maji yake huonja tofauti na ya kijito cha mlimani.

Hiyo ni kidogo ukiilinganisha na wakali wa kazi. Assal la Djibouti, lililo mita 155 chini ya usawa wa bahari, lina chumvi mara kumi ya bahari. Na hapa lipo jambo lisilotegemewa: kadiri chumvi inavyozidi, maji hupaa polepole zaidi, kwa sababu chumvi huzishika molekuli. Assal na Tanganyika zikiwekwa kwenye beseni mbili chini ya jua moja, la Tanganyika lingekauka kwanza.

Kombe la biashara katika eneo hili nawapa Wavinza. Kwa karne nyingi, kule Uvinza kando ya Malagarasi, watu walichemsha maji ya chemchemi za chumvi hadi yakaisha na chumvi ikabaki, ikasafiri kwa vichwa na mitumbwi kuzunguka ziwa lote. Kwa ile hesabu ya nauli, fikiria kuni zilizokwisha pale.

Bingwa wa kukauka siku moja

Ndagala. Sina mshindani wa kumpambanisha naye.

Samaki mbichi ni maji kwa robo tatu ya uzito wake au zaidi, hivyo kilo moja ya ndagala wakavu imetokana na kilo tatu na nusu hivi za wabichi. Kilo mbili na nusu za maji lazima ziondoke, na mvuke hauna pengine pa kutokea ila kwenye ngozi. Ndagala ana urefu wa kidole hivi, na kwa mwili mdogo hivyo, ngozi ni nyingi kulingana na nyama. Jua likikubali, waliovuliwa usiku na kutandazwa alfajiri huwa wakavu jioni. Mlinganishe na kuhe, ambaye ni miongoni mwa samaki wakubwa kabisa wa ukoo wa siklidi duniani. Huyo humwanikii mzima hata kidogo: ni lazima apasuliwe, afunguliwe, akatwe mistari, yaani atengenezewe ngozi ambayo hakuzaliwa nayo, na mara nyingi moshi ndio humalizia.

Mama wanaoanika wanajua mambo matatu ambayo vitabu vya fizikia huyaeleza kwa kurasa nyingi: eneo, joto, upepo. Samaki wakirundikana, wa chini wanaoza. Kukiwa na mawingu, kazi ni ya siku mbili na nzi wanashinda. Kukiwa na jua kali lakini hewa imejaa unyevu na imesimama, pia hawakauki, maana molekuli zinazotoka kwenye samaki hukutana na nyingine zinazorudi. Upepo huiondoa hewa iliyoshiba na kuleta yenye njaa. Ndiyo faida ya kichanja cha wavu kilichoinuliwa, kama vile vilivyoenezwa na FAO upande wa Burundi: hewa hupita juu na chini, na samaki hali mchanga. Anayeanika chini huuza samaki na mchanga kwa bei ya samaki, nami huwa namlipa kwa kinyongo.

Mtoro hatari na mkaidi kuliko wote

Esansi ndiyo kimiminika kinachotoroka upesi kuliko vyote vinavyouzwa kando ya barabara zetu. Kila mtu amewahi kuwaona makadhafi, yaani wauza esansi wa kando ya barabara, na chupa zao zilizopangwa juu ya meza. Mvuke wa esansi unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri. Kwetu Uvira, basi, uko tayari muda wote. Tena ni mzito mara tatu au nne kuliko hewa, hivyo haupandi ukaenda zake. Hutambaa chini, huingia uvunguni, hulifuata jiko la makaa lililo mlango wa pili. Na chupa iliyokaa wazi hupoteza kwanza zile sehemu nyepesi zinazoamsha injini, mteja akabaki akipiga teke pikipiki.

Mafuta ya taa ni mtulivu zaidi. Taa ya karabai, iliyowaongoza wavuvi wa ndagala miaka mingi kabla ya taa za betri, lazima ipashwe kwanza, kwa sababu mafuta yenyewe hayawaki yakiwa maji. Mvuke wake ndio unaowaka.

Na mkaidi? Mawese. Yaache kwenye sahani mwezi mzima: yatachacha, yatabadilika rangi, lakini hayatapungua. Molekuli zake ni kubwa na nzito kiasi kwamba hata ukiyachochea moto mkali, yataanza kutoa moshi na kuungua kabla ya kuchemka.

Mchemko wa moto kuliko wa Bukavu

Kuchemka ni jambo jingine na kupaa kwa kawaida. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuisukuma hewa iliyoyalalia, ndipo mapovu yanazaliwa ndani badala ya kusubiri juu. Hewa ikiwa nyepesi, nguvu hiyo hupatikana mapema. Ufukwe wa Uvira uko mita 775 hivi juu ya bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 97. Bukavu, kando ya Kivu, ni nyuzi 95. Juu kwenye ukingo wa Nyiragongo, mita 3,470, ni 88 tu. Kwa hiyo tunawashinda Bukavu kwa maharagwe kuiva haraka, na naomba jambo hili litangazwe.

Upepo unaolisha watu wengi zaidi

Kuanzia Mei hadi Septemba kusi huvuma ziwa zima, kutoka Zambia hadi kwetu. Ni upepo mkavu, na unapopita huvuna mvuke kwa fujo, hasa upande wa kusini. Usiku nao kazi haikomi: uso wa ziwa mara nyingi huwa na joto kuliko hewa iliyo juu yake, hivyo mvuke unaendelea kupanda wakati sisi tumelala.

Nauli ya joto inalipwa, uso unapoa, maji yaliyopoa yanakuwa mazito na kuzama. Upepo nao unayasukuma maji ya moto kuja kaskazini, na kule kusini maji ya chini yenye virutubisho yanapanda. Mwani unanawiri, vijidudu vinakula mwani, ndagala anakula vijidudu, samaki aitwaye mukeke anamla ndagala, sisi tunakula wote. Hapa Uvira kipo Kituo cha Utafiti wa Haidrobiolojia, CRH, ambacho asili yake ni kituo cha miaka ya 1950 cha taasisi ya utafiti ya IRSAC. Siri za maji haya zimefuatiliwa hapo kwa vizazi.

Mwaka 2003 tafiti mbili, moja katika jarida la Nature na nyingine katika Science, zilionyesha kwamba uso wa ziwa umepata joto kuliko vilindi, na maji ya juu yakizidi kuwa mepesi huyakalia ya chini kwa ukaidi. Kuchanganyika kunapungua na chakula cha samaki kinapungua. Kwa hiyo si kweli kwamba kila upungufu wa ndagala unatokana na nyavu za macho madogo, ingawa nyavu hizo nazo hazina utetezi kwangu.

Mizani iliyoyumba kuliko zote siku za karibuni

Kwa mwaka wa kawaida ziwa hupanda wakati wa masika na kushuka wakati wa kiangazi, na kushuka huko ni kazi ya mvuke zaidi ya Lukuga. Mvua zikizidi miaka mfululizo, mlango wa juu haumudu. Ilitokea baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962, ziwa likafika kilele mwaka 1964. Ikatokea tena baada ya 2020, na Aprili na Mei 2024 maji yaliingia katika nyumba na ghala za ufukweni, Uvira, Kalemie na Bujumbura. Bandari ya Kalundu, hapa Uvira, ilijionea.

Tabaka la ziada la mita mbili haliondoki kwa msimu mmoja, kwa sababu mvuke wa mwaka mzima ni mita moja na nusu, na mvua na mito hurudisha karibu yote. Anayenunua kiwanja karibu na maji, Kalundu au Kavimvira, asitazame ziwa lilipo mwezi Oktoba. Awaulize majirani lilifika wapi Mei 2024, na wazee lilifika wapi 1964, kisha ajenge juu ya alama hizo zote mbili.